El Niño Ana Kwao

Sisi wa Afrika Mashariki tulilipokea jina kwanza, maelezo yakaja baadaye. Mwishoni mwa 1997 vuli ilianza kama vuli nyingine, ikakataa kukatika, ikavuka mwaka mpya. Madaraja yakaenda na maji, barabara ya Nairobi na Mombasa ikamegukameguka, homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo huko Garissa. Mtaani kwetu kila kilichopita kiasi kikabatizwa Elnino: deni la dukani, mtoto mtundu, hata sufuria la pilau la harusini. Tangu hapo mvua ikipiga siku tatu mfululizo hakosi mtu wa kusema Elnino imerudi. Mafuriko ya 2019 nayo tuliyapachika jina hilo, ingawa yalitokana zaidi na joto la Bahari ya Hindi yenyewe.

Lakini El Niño ana kwao. Kwao ni pwani ya Pasifiki, pale kaskazini mwa Peru panapopakana na Ekuador. Wavuvi wa bandari ya Paita walizoea kuona maji ya bahari yakipata joto karibu na Krismasi, samaki wa maji baridi wakihama, wakauita mkondo huo El Niño, kwa Kihispania Mtoto, yaani Mtoto Yesu. Mwaka 1892 nahodha Camilo Carrillo aliwaeleza wanajiografia wa Lima habari za mkondo huo, na neno la wavuvi likaingia vitabuni. Lakini leo tuvuke mpaka twende Ekuador, kwa sababu pwani yake inaonyesha wazi jambo ambalo habari za tabianchi hulificha: mvua mbaya haiwi mbaya kwa wote. Kuna anayezama na kuna anayenenepa, kwa maji yaleyale.

Tuanze na nchi yenyewe ilivyokaa. Ekuador iko juu ya ikweta kama sisi, na mtu wa Tanga angetarajia kukuta pwani ya kijani mwanzo mwisho. Sivyo. Kutoka kusini hupanda mkondo wa Humboldt, maji baridi yenye samaki wengi na mvua chache. Kutoka upande wa Panama hushuka maji ya moto yanayobeba mvua. Pwani hii ndiyo mahali yanapokutana na kusukumana. Ndiyo maana mkoa wa Esmeraldas, kaskazini, una misitu inayochuruzika maji, na mwendo wa siku moja tu kwa basi kuelekea kusini rasi ya Santa Elena ni vumbi, miiba na dungusi kando ya bahari hiyohiyo. Kuanzia Januari hadi Mei ni joto na mvua. Kuanzia Juni maji baridi hushika usukani, kunakuja kipupwe chao: mawingu mazito, manyunyu membamba yanayoitwa garúa, na jua la kuonekana kwa nadra. Kichekesho ni kwamba majira yale ya joto na mvua wenyewe huyaita kwa Kihispania majira ya baridi, na haya ya ubaridi huyaita kiangazi. Lugha ya Ulaya ililetwa na meli ikawekwa juu ya hali ya hewa isiyoifahamu.

Katikati ya yote hayo kuna mto Guayas. Mito ya Daule na Babahoyo hukutana mbele ya jiji la Guayaquil, ikiwa imekusanya maji ya eneo la zaidi ya kilomita za mraba 30,000, mengi yake yakishuka kutoka kwenye miguu ya milima ya Andes. Asubuhi isiyo na mawingu mtu aliyesimama Guayaquil, shati limeshamganda mgongoni kwa jasho, huweza kuiona theluji ya Chimborazo, mlima wa mita 6,263. Udongo ulioporomoka kutoka huko kwa maelfu ya miaka ndio uliotandaza bonde la Guayas, mojawapo ya ardhi tamu kabisa za kilimo katika Amerika ya Kusini. Mbele ya jiji ghuba inafunguka, kubwa kuliko zote za pwani ya Pasifiki ya bara hilo, imejaa visiwa vya mikoko na vijito ambamo maji ya bahari huingia na kutoka mara mbili kwa siku.

Ardhi ya namna hiyo haikosi mnunuzi. Wa kwanza alitaka kakao. Mwishoni mwa karne ya 19 Ekuador ilikuwa kileleni mwa dunia katika kuuza kakao, na ile bora iliitwa Arriba, maana yake "juu", kwa kuwa ilishushwa kwa mashua kutoka juu ya mto. Wenye mashamba walihamia Paris, fedha zikawafuata. Kisha yakaja magonjwa mawili ya ukungu. Mmoja ni ule wenyewe wanaouita ufagio wa mchawi, kwa jinsi matawi yanavyochipuka ovyo kama fagio. Ukungu uliokumba mikakao miaka ya 1910 na 1920 haukumfuata tajiri Paris. Ulimkuta kibarua. Tarehe 15 Novemba 1922 wafanyakazi wa Guayaquil waliokuwa kwenye mgomo walipigwa risasi na jeshi, na miili mingine ikatupwa mtoni. Mpaka leo idadi ya waliokufa hubishaniwa, na kila mwaka watu huelesha misalaba juu ya maji ya Guayas.

Wa pili alitaka ndizi. Hapa jiografia iliwapa Waekuador zawadi ambayo watu hawaitaji sana: hakuna tufani. Tufani za kitropiki hazizaliwi karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo migomba ya Ekuador haikulazwa chini kama ile ya Amerika ya Kati, ambayo pia ilikuwa imeoza kwa ugonjwa wa mnyauko. Serikali ya Galo Plaza, kuanzia 1948, ikachonga barabara na kutoa mikopo, na ndani ya miaka michache nchi ndogo ikawa muuzaji wa ndizi wa kwanza duniani. Bado ni wa kwanza. Ndugu yako aliye Ulaya akinunua ndizi kesho, kuna uwezekano mkubwa zimetoka Los Ríos, Guayas au El Oro, mikoa mitatu ya pwani hii.

Lisogeze sanduku la ndizi karibu ulitazame. Mkungu ungali shambani huvishwa mfuko wa plastiki na kufungwa utepe wa rangi. Kila wiki ina rangi yake, hivyo hakuna haja ya daftari kujua mkungu una umri gani. Wiki ikifika, mmoja hukata na mwenzake huupokea begani usiguse ardhi, kisha hutundikwa kwenye waya wa chuma uliopita katikati ya shamba. Mtu mmoja hufunga mshipi kiunoni, huvuta msafara wa mikungu ishirini au zaidi hadi bandani. Hapo chana hukatwa, huoshwa utomvu ndani ya birika refu, hupimwa, hubandikwa kibandiko, hupangwa sandukuni. Sanduku la pauni 43. Kila mwaka serikali hutangaza bei ya chini ambayo mkulima lazima alipwe. Mwaka 2023 ilikuwa dola 6.50. Mwenye mkataba huipata. Asiye na mkataba, soko likilegea, huuza kwa chochote kile, maana ndizi iliyokomaa haimngojei waziri.

Sasa ongeza El Niño juu ya picha hiyo. Maji ya moto ya Pasifiki yakisogea mashariki, usawa wa bahari kwenye pwani ya Ekuador hupanda kwa sentimita ishirini, thelathini, wakati mwingine zaidi. Mvua inapiga juu, mto umejaa, na bahari inakataa kupokea. Maji yakijaa baharini wakati huohuo, Guayaquil haina pa kumwaga. Watu wa Jangwani, Dar es Salaam, hawahitaji kuchorewa. Mgomba nao haupendi kusimama ndani ya maji. Siku chache tu mizizi inaoza, na unyevu unaongeza sigatoka, ugonjwa wa madoa ya majani, ndege za dawa zinapita juu mara nyingi zaidi, gharama inapanda wakati mavuno yanashuka. El Niño ya 1997 na 1998 iliua karibu watu 300 nchini humo na kuharibu mali ya takriban dola bilioni 2.9 kwa hesabu ya tume ya Umoja wa Mataifa ya uchumi wa Amerika ya Kusini. Mji wa Bahía de Caráquez, mkoani Manabí, ulifungiwa na maporomoko ya matope, kisha Agosti 1998, kabla haujapangusa uso, ukapigwa na tetemeko la ardhi.

Hadithi hiyo mmeizoea. Ya pili haisimuliwi sana.

Mwaka huohuo wa 1998 wenye mabwawa ya kambamiti walivunja rekodi. Maji ya moto ndiyo kamba anayoyapenda. Hukua haraka, huzaa sana, na vifaranga wake hujaa ukingoni mwa bahari. Ufugaji ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960 huko El Oro, kwa kukamata vifaranga wa asili na kuwafungia kwenye bwawa la maji chumvi. Lakini kilichoulipua ni El Niño ya 1982 na 1983. Wakati nchi nzima ilikuwa ikihesabu madaraja yaliyovunjika, maelfu ya watu wa pwani waliingia mawimbini na nyavu za kusukuma, maji kifuani, wakichota vifaranga wasioonekana vizuri kwa macho na kuwauza kwa kuhesabu elfu kwa elfu. Mabwawa yakaongezeka kufuata vifaranga. El Niño ilipoondoka, mabwawa yalibaki, vifaranga wakaadimika, vikajengwa vituo vya kuwatotolesha. Kwa maneno mengine, sekta inayoshindana leo na mafuta ghafi kuiingizia Ekuador fedha za kigeni ilinyonyeshwa na janga.

Mabwawa hayo yalichimbwa wapi? Mengine kwenye majangwa ya chumvi nyuma ya mikoko, mengine ndani ya mikoko yenyewe. Mwaka 1969 Ekuador ilikuwa na hekta zipatazo 203,000 za mikoko. Kufikia 1999 zilibaki kama 150,000. Sheria ilikataza kukata. Mashine zilikata. Mwaka 2008 serikali ilitoa amri ya kuyahalalisha mabwawa yaliyokuwa yamejengwa kinyume cha sheria, kwa sharti la kurudishia sehemu ya mikoko, na kila mtu akaelewa anavyotaka kuelewa. Mimi nilielewa kwamba aliyevunja sheria kwa ukubwa wa kutosha hupewa hati.

Hapa sisi tuna jambo letu la kukumbuka. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Tanzania nusura ifuate njia hiyohiyo. Kulikuwa na mpango wa shamba la kamba la maelfu ya hekta kwenye delta ya Rufiji, kwenye msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote nchini, na serikali ilishaukubali. Wanavijiji walikwenda mahakamani, wanamazingira wakapiga kelele, mradi haukujengwa. Wapo wanaosema tulijinyima utajiri. Inawezekana. Mwaka 2023 Ekuador iliuza nje zaidi ya tani milioni 1.2 za kamba, zaidi ya nusu zikienda China. Si fedha ya kudharau, na si haki kuwaita wafugaji hao wezi wote. Ila mwaka huohuo uzito uliongezeka kuliko 2022 na mapato yakapungua, kwa kuwa mnunuzi mmoja mkubwa akikohoa, bei ya dunia hulala kitandani.

Nirudi kwenye hoja yangu, maana kuna sura mbili zinazoithibitisha kuliko takwimu.

Ya kwanza ni ya magonjwa. Mwaka 1992 kamba walianza kufa kwa wingi kwenye mabwawa ya karibu na mto Taura, si mbali na Guayaquil. Wenye mabwawa waliwanyooshea kidole wakulima wa ndizi, wakisema dawa za ukungu zinazopuliziwa migomba zinateremka na mto. Ugomvi ukafika hadi mahakamani. Baadaye wanasayansi wakakuta ni kirusi, na ugonjwa ukabaki na jina la mto. Kisha mwaka 1999 kikaingia kirusi kibaya zaidi, cha madoa meupe, wakati maji yamepoa baada ya El Niño. Mauzo yaliyofika takriban tani 115,000 mwaka 1998 yakaanguka chini ya tani 40,000 mwaka 2000. Nchi nyingi za Asia zilijibu kwa kuagiza mbegu safi za maabara na kubana kamba wengi bwawani kwa nguvu ya mashine. Waekuador walichukua njia nyingine: waliokota walionusurika, wakawazalisha, wakachagua tena walionusurika, kizazi baada ya kizazi, na wakawaachia nafasi ndani ya maji. Ni kazi ya akili na subira, na ndiyo iliyowarudisha kileleni. Nawavulia kofia.

Ya pili ni ya mafuriko. Kusini mwa Guayaquil kuna Guasmo na Isla Trinitaria, mitaa iliyoota juu ya vinamasi na vijito vilivyofukiwa kwa kifusi, nyumba za mwanzo zikisimama juu ya nguzo za miti. Wakazi wengi wa Trinitaria asili yao ni Esmeraldas, kwa Waafrika wa Ekuador, watu ambao mababu zao walinusurika kwenye meli zilizovunjika karne ya 16 wakajitawala msituni, wakaingia mkataba na Wahispania wakiwa wakubwa wa nchi yao. Ipo picha ya 1599 ya mmoja wao, Don Francisco de Arobe, na wanawe wawili, mikuki mkononi, dhahabu puani, kola za Kihispania shingoni. Vizazi vya leo walishuka kusini kufuata vibarua. El Niño ya 1982 iliwakuta wenye mitaa hiyo ndani ya maji. Ya 1997 ikawakuta ndani ya maji. Utabiri wa 2023 ulipotangazwa, mazungumzo yalikuwa yaleyale ya kuzibua mitaro na kuandaa makazi ya muda.

Nchi moja, kizazi kimoja. Kirusi kilichomgusa mwenye bwawa kilipata majibu ndani ya miaka michache. Maji yanayomgusa mtu wa Guasmo yana miaka arobaini yakisubiri. Siamini kabisa ile kauli kwamba umaskini wa pwani za tropiki unatokana na joto, mbu na mvua. Hali ya hewa inaleta hasara, ndiyo, lakini wanaoigawanya hasara hiyo ni watu, na hukaa mezani kuigawanya.

Mwenye mabenki naye alikuwepo mezani. Baada ya mafuriko ya 1998 na kuanguka kwa bei ya mafuta, mabenki yaliyokuwa yamekopesha kiholela, mengine ya watu walewale wa pwani, yalianza kuporomoka. Machi 1999 serikali ikafungia amana za wananchi. Januari 2000 sarafu ya sucre ilifikia 25,000 kwa dola moja, na Rais Jamil Mahuad akatangaza kuwa nchi itatumia dola ya Marekani. Siku chache baadaye yeye mwenyewe aliondolewa, dola ikabaki. Mamia ya maelfu walihama kwenda Hispania, Italia na Marekani. Dola ilituliza bei, hilo hata wapinzani wake hukiri. Lakini iliwafanya wauzaji wa ndizi wasiweze kupumua kwa kushusha thamani ya sarafu kama jirani zao wa Kolombia. Kinachobaki kubanwa ni mshahara na mkulima mdogo. Rudi kwenye sanduku la pauni 43.

Na masanduku hayo sasa yana mpangaji mwingine. Ekuador imebanwa kati ya Kolombia na Peru, wazalishaji wakubwa wa kokeini, na kontena la ndizi ni la kwenda haraka: matunda yanaoza, forodha haiwezi kuyakalisha. Kwa mfanyabiashara wa ndizi hiyo ni fadhila, kwa mfanyabiashara wa dawa pia. Mauaji, yaliyokuwa kama sita kwa kila watu 100,000 mwaka 2018, yalizidi 40 mwaka 2023. Januari 9, 2024 watu wenye bunduki waliingia studio ya televisheni Guayaquil matangazo yakiwa hewani. Rais Daniel Noboa, ambaye babaye ni tajiri wa ndizi, akatangaza vita dhidi ya magenge. Huko mdomoni mwa ghuba, Posorja, bandari mpya ya kina kirefu inaendeshwa tangu 2019 na DP World ya Dubai, kampuni ileile ya bandari ambayo mjadala wake uliwatoa Watanzania povu mwaka 2023. Sioni dhambi katika bandari. Naona tu kwamba tulibishana sana nani ashike gati, tukabishana kidogo sana nini kitapita juu yake na nani atalipwa.

Ndani kabisa ya ghuba, mbali na kreni, mikoko iliyosalia ina wenyewe. Wanawake huingia matopeni maji yakitoka, wakiingiza mkono mpaka begani chini ya mizizi kutafuta kombe weusi. Aliye chini ya sentimita 4.5 haruhusiwi kuchukuliwa. Wanaume hutafuta kaa wekundu, madume tu, na kuna majira ya kufunga. Tangu karibu mwaka 2000 serikali imekuwa ikitoa mikataba kwa vyama vyao kuitunza mikoko: wavue wao, wailinde wao, watoe taarifa wakiona bwawa linasogea. Ukinitaka nikuonyeshe sera nzuri kwenye pwani ile, ningekuonyesha hiyo, na ni ya bei rahisi kuliko ukuta wa zege.

Sasa walinzi hao wana mtoza ushuru. Magenge yanayotumia vijito kupitishia mizigo huwatoza wavuvi na wakamata kaa ada ya kuingia mikokoni. Mtaani ada hiyo inaitwa chanjo. Asiyechanjwa huanza kwa kuibiwa injini ya boti.